Pembetatu ya 2008: Hesabu Inapopanga Timu Ambazo Hazijakutana

Tarehe 11 Oktoba 2008, mjini Dallas, timu ya Chuo Kikuu cha Texas iliifunga Oklahoma pointi 45 kwa 35. Wiki tatu baadaye, huko Lubbock, Texas Tech ikaifunga Texas 39–33, pointi za ushindi zikipatikana ikiwa imebaki sekunde moja tu kwenye saa ya uwanja. Tarehe 22 Novemba Oklahoma ikaichapa Texas Tech 65–21. Msimu wa kawaida ulipokwisha, kila moja ya timu hizo tatu ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja, na ile moja ilipotezwa kwa mwenzake wa humo humo. Nafasi ya kwenda fainali ya ligi yao ilikuwa moja.

Sasa panga wewe. Ukisema Texas ni bora kwa sababu iliifunga Oklahoma, shabiki wa Tech atakuuliza: mbona hao Texas tuliwafunga sisi? Ukimkubalia wa Tech, wa Oklahoma anaweka 65–21 mezani na kukaa kimya. Ukienda kwa Oklahoma, umerudi Dallas ulikoanzia. Unazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Huu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na hapa ni wa vyuo vikuu, unaojaza viwanja vya watu laki moja. Huhitaji kujua kanuni zake. Jua tu kwamba sare hakuna tangu 1996, kwa hiyo kila mechi ina mshindi. Kinachotuhusu ni swali la kihesabu ambalo mchezo huu umelikuza kuliko mwingine wowote: utapangaje timu kwa ubora wakati nyingi kati yake hazijawahi kukutana?

Sisi tuliozoea Ligi Kuu hatulioni swali hili kabisa. Timu 16, kila moja inacheza na kila nyingine nyumbani na ugenini, mechi 30, kisha unasoma msimamo kutoka juu kwenda chini. Ugumu wa ratiba haujadiliwi kwa sababu ratiba ni moja kwa wote. Aliyecheza na Simba na Yanga mara mbili mbili ni kila mtu, isipokuwa Simba na Yanga wenyewe. Jedwali linatosha.

Kwenye mpira wa vyuo vya Marekani jedwali la namna hiyo haliwezekani. Mwaka 2024 daraja la juu lilikuwa na timu 134. Idadi ya jozi unazoweza kuunda kutoka timu 134 ni 8,911. Kila timu hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida, maana huu ni mchezo wa kuvunjana mbavu na mwili unahitaji wiki nzima kupumzika. Hata kama mechi hizo zote zingekuwa kati yao wenyewe, zingefika 804. Yaani katika kila jozi kumi, tisa hazitakutana. Isitoshe, timu zimegawanywa katika makundi yanayoitwa konferensi, na nyingi ya zile mechi 12 huchezwa ndani ya konferensi. Timu moja inaweza kushinda 12 kwa 12 dhidi ya wanyonge, nyingine ikashinda tisa katikati ya majabali. Nani wa kwanza?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kura. Shirika la habari la AP lilianza kura yake ya waandishi mwaka 1936, na kura ya makocha ikafuata 1950. Kila mpiga kura anaandika timu 25, ya kwanza inapata pointi 25, ya mwisho moja, zinajumlishwa. Udhaifu wake unaujua hata kabla sijausema. Hakuna mtu anayeangalia mechi zote za Jumamosi moja, kocha anapigia kura timu yake na za mahasimu wake, na orodha ya kwanza hutoka Agosti kabla mpira haujapigwa. Anayeanza juu hushuka pale tu anapofungwa, na anayeanza chini hulazimika kupanda ngazi zote hata kama hakufungwa na mtu.

Hapo ndipo wanahesabu wakasogea.

Nitakaa kidogo na fomula ya Wesley Colley, mtaalamu wa fizikia ya anga aliyesomea Princeton, kwa sababu ni safi na unaweza kuifanya kwa kalamu. Hakuanzia kwenye mpira. Alianzia kwa Laplace, mwanahisabati Mfaransa wa zama za Napoleon, aliyejiuliza: nikiona jambo limetokea mara kadhaa, nitegemee kiasi gani kwamba litatokea tena? Jibu lake: chukua mara zilizofaulu, ongeza moja, gawa kwa majaribio yote ukiongeza mawili. Kwenye mpira, ushindi kuongeza moja, gawa kwa mechi kuongeza mbili.

Zile nyongeza zinaonekana kama mapambo, lakini ndizo zinazotia adabu kwenye hesabu. Timu ambayo haijacheza inapata 1/2: hatujui lolote, basi iko katikati. Ikishinda mechi moja inapanda hadi 2/3, siyo asilimia mia. Ikishindwa inashuka hadi 1/3, siyo sifuri. Timu yenye ushindi 12 bila kupoteza inapata 13/14, kama 0.929. Wale watatu wetu, wenye 11 kwa moja, wanapata 12/14 kila mmoja, 0.857. Bado wamefungana.

Hatua ya pili ndiyo yenye akili. Colley aliuandika ushindi wa timu katika vipande viwili: nusu ya tofauti kati ya mechi ilizoshinda na ilizopoteza, kuongeza nusu ya mechi zote. Timu ya 11 kwa moja: nusu ya kumi ni tano, nusu ya 12 ni sita, jumla 11. Mpaka hapo ni kuandika kitu kile kile kwa namna nyingine. Lakini kitazame kile kipande cha pili. Nusu ya mechi zote ni sawa na kumhesabu kila mpinzani uliyekutana naye kuwa na thamani ya 1/2. Kwa nini 1/2? Wapinzani hawalingani! Basi iondoe nusu, weka alama halisi ya mpinzani huyo. Ukikutana na mwenye 0.9, unapata 0.9 hata kabla ya kuangalia nani alishinda. Ukikutana na mwenye 0.2, unaambulia 0.2.

Tatizo linajitokeza mara moja. Alama yangu inategemea alama yako, na yako inategemea yangu. Tuanzie wapi?

Popote. Chukua timu mbili tu duniani, A na B, na A imeshinda mechi yao ya pekee. Kwa Laplace, A ina 0.667 na B 0.333. Sasa mpe A alama mpya kwa kutumia 0.333 ya B: inashuka hadi 0.611, kwa sababu aliyemfunga ameonekana kuwa mnyonge. Mpe B kwa kutumia 0.667 ya A: inapanda hadi 0.389, kwa sababu aliyefungwa naye ni mkali. Rudia kwa alama hizi mpya: A 0.630, B 0.370. Rudia tena: A 0.623, B 0.377. Namba zinayumba kushoto na kulia, kila mara kwa hatua fupi zaidi, kama mizani ya muuza dagaa inayotafuta kutulia. Zinatulia kwenye 0.625 na 0.375. Kwa timu 134 ni hesabu ile ile ya milinganyo ya x na y tuliyofanya shuleni, isipokuwa herufi ziko 134. Kompyuta ndogo ya mezani inaimaliza kabla hujaweka kikombe chini.

Fomula hii haijui jina la chuo wala historia yake, na haijali timu ilianzia wapi Agosti. Pia haijui ulishinda kwa pointi ngapi, jambo ambalo Colley alilichagua kwa makusudi. Ukiipa ile pembetatu ya 2008 peke yake, mechi tatu tu, inakujibu 0.5, 0.5, 0.5. Kwa macho yake, kila mmoja ameshinda moja na kupoteza moja dhidi ya watu wanaolingana, na hapo haina la kuongeza.

Lakini wewe na mimi tunaona 65–21 pale, na roho inatuambia kwamba kipigo hicho si sawa na ushindi wa sekunde ya mwisho.

Kenneth Massey aliandika tasnifu yake ya 1997, akiwa bado mwanafunzi wa chuo, kutoka upande huo. Wazo lake: mpe kila timu namba, kwa namna ambayo tofauti ya namba za timu mbili ikaribie tofauti ya pointi walipokutana. Kwa kuwa mechi hazikubaliani, huwezi kuziridhisha zote. Unatafuta namba ambazo makosa yake, ukiyazidisha kila moja kwa lenyewe na kujumlisha, yanatoa jumla ndogo kuliko namba nyingine zozote. Kwenye kundi ambalo kila mmoja amecheza na kila mmoja mara moja, hesabu inakuwa rahisi: jumlisha tofauti zako za pointi, gawa kwa idadi ya timu.

Tuifanye. Oklahoma ilipoteza kwa 10 na kushinda kwa 44: jumla 34, gawa kwa tatu, 11.3. Texas ilishinda kwa 10 na kupoteza kwa 6: jumla 4, inapata 1.3. Tech ilishinda kwa 6 na kupoteza kwa 44: hasi 38, inapata hasi 12.7. Kumbe kuna mpangilio: Oklahoma, Texas, Tech. Kesi imekwisha?

Iulize fomula ilivyozielewa mechi zenyewe. Inasema Oklahoma ni bora kuliko Texas kwa pointi 10. Uwanjani Texas ilishinda kwa 10. Kosa: 20. Inasema Oklahoma ni bora kuliko Tech kwa 24. Uwanjani ilikuwa 44. Kosa: 20. Inasema Texas ni bora kuliko Tech kwa 14. Uwanjani Tech ilishinda kwa 6. Kosa: 20. Haikutokea kwa bahati. Ukitembea mduara mzima ukifuata washindi, 10 na 44 na 6, unapata pointi 60 za ukinzani ambazo hakuna mpangilio wowote unaoweza kuzifuta. Fomula ilichoweza ni kuzigawa sawa kwa mechi tatu, ishirini ishirini, kama warithi wanaogawana deni la marehemu. Deni lenyewe limebaki vile vile.

Ngoja tuongeze jambo moja, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Watengeneza fomula wengi hukubali kwamba kushinda kwa 44 hakuna maana mara nne kuliko kushinda kwa 11. Timu ikiongoza kwa 30 huwatoa nyota wake na kuingiza vijana wa benchi. Hivyo huweka kikomo: tofauti yoyote inayopita kiwango fulani ihesabiwe kuwa kiwango hicho. Sawa, tuweke kikomo cha 21. Oklahoma inapata 3.7, Texas 1.3: Oklahoma bado juu. Tuweke 14. Oklahoma 1.3, Texas 1.3: zimelingana. Tuweke 10. Oklahoma sifuri, Texas 1.3: Texas wa kwanza!

Mechi ni zile zile na fomula ni ile ile. Kilichobadilika ni namba moja, na namba hiyo haikutoka kwenye takwimu. Kuna mtu aliyekaa kitini akaamua kwamba baada ya pointi kadhaa ushindi ni ushindi tu. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, ila mtu akikuambia kwamba kompyuta haina upendeleo, muulize kikomo chake ni ngapi na nani alikichagua.

Mabishano haya yalikuwa na fedha na heshima ndani yake. Kuanzia msimu wa 1998 hadi 2013 mfumo ulioitwa BCS ulichagua timu mbili za kucheza fainali ya taifa kwa kuchanganya kura na kompyuta. Mwaka 2001 ukawaaibisha wenyewe. Nebraska ilifungwa na Colorado 62–36 katika mechi yake ya mwisho ya msimu, ikakosa hata fainali ya konferensi yake, lakini hesabu ikaipeleka fainali ya taifa mbele ya Oregon, iliyokuwa ya pili kwenye kura zote mbili. Nebraska ikafungwa na Miami 37–14. Baada ya hapo watengeneza fomula waliambiwa waondoe kabisa tofauti ya pointi, kwa hofu kwamba makocha wangeendelea kuwakandamiza wanyonge ili kuipendeza kompyuta.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini tiba ilikuwa na gharama. Jeff Sagarin, mhitimu wa hisabati wa MIT ambaye viwango vyake vilichapwa na gazeti la USA Today kwa miaka mingi, alibaki na orodha mbili: moja isiyojua pointi kwa ajili ya BCS, nyingine inayojua pointi, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ndiyo ilitabiri mechi zijazo vizuri zaidi. Wakuu wa mpira walikuwa wamechagua fomula yenye adabu kuliko fomula yenye macho. Siwalaumu sana.

Mwaka 2003 kilio kikarudi. USC ilikuwa ya kwanza kwenye kura zote mbili, ikaachwa. Oklahoma, iliyokuwa imetoka kufungwa 35–7 na Kansas State, ikaenda fainali na kufungwa na LSU 21–14. AP wakampa USC ubingwa wao wenyewe, nchi ikawa na mabingwa wawili. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa ili kura ziwe theluthi mbili na kompyuta theluthi moja. Kompyuta zilikuwa sita, na kwa kila timu nafasi ya juu kabisa na ya chini kabisa ziliondolewa.

Kati ya hizo sita, ni fomula ya Colley tu iliyochapishwa yote hadharani, na hilo ndilo lililomuumbua, kwa njia ya kumpa heshima. Desemba 2010 mchambuzi Jerry Palm alirudia hesabu zake, akagundua kwamba matokeo ya mechi moja ya daraja la chini, Western Illinois dhidi ya Appalachian State, hayakuingizwa. Mechi ya timu ambazo hazikuwa hata kwenye mashindano hayo! Baada ya kuiingiza, LSU na Boise State zilibadilishana nafasi ya 10 na 11 kwenye orodha nzima ya BCS. Ndivyo milinganyo inayotegemeana ilivyo: ukivuta uzi mmoja pembeni, nguo nzima inasogea. Zile fomula nyingine tano hakuna mtu wa nje aliyeweza kuzikagua namna hiyo.

Kuna familia nyingine ya fomula ambayo msomaji wa huku ameshaigusa bila kujua. Arpad Elo, mwanafizikia aliyezaliwa Hungaria na kufundisha Milwaukee, aliitunga kwa ajili ya sataranji, na tangu Agosti 2018 FIFA inaitumia kupanga timu za taifa za wanaume. Haitatui milinganyo yote kwa pamoja; inasogeza alama baada ya kila mechi. Tuseme Taifa Stars ina pointi 300 pungufu ya mpinzani kwenye mechi ya kufuzu AFCON. Fomula inaitegemea kupata 0.24 ya ushindi. Uzito wa mechi za kufuzu ni 25, hivyo ikishinda inaongezewa kama pointi 19, na ikifungwa inapoteza sita tu. Idadi ya mabao haihesabiwi, wala nani alikuwa nyumbani. Inafaa kwa timu zinazocheza miaka nenda rudi. Kwa msimu wa mechi 12 ina kasoro: lazima ianze na alama za mwaka jana, na wachezaji wengi wa mwaka jana wameshahitimu.

Tangu msimu wa 2014 kompyuta ziliwekwa kando na kamati ya watu 13 ikakabidhiwa kazi, mwanzo kwa kuchagua timu nne, na tangu 2024 timu 12. Mwaka 2023 Florida State ilimaliza na ushindi 13 bila kufungwa hata mara moja, ikaachwa nje, Alabama yenye kipigo kimoja ikaingia. Sababu: mpiga pasi mkuu wa Florida State, Jordan Travis, alikuwa ameumia, na kamati haikuamini kwamba timu bila yeye ni ile ile. Walikuwa wakijibu swali la nani ni bora leo. Mashabiki walidhani swali ni nani amestahili kwa aliyoyafanya. Fomula ya Colley hujibu la pili, Sagarin ya pointi hujibu la kwanza, na ugomvi mwingi wa viwango, wa kompyuta au wa kamati, ni watu wawili wanaojibu maswali mawili kwa sauti kubwa.

Turudi kwenye pembetatu. Kanuni ya konferensi yao, Big 12, ilisema timu tatu zikilingana kiasi hicho, aende aliye juu kwenye orodha ya BCS. Kompyuta, zikiwa zimekatazwa kutazama pointi, ziliangalia nje ya mduara: Oklahoma ilikuwa imezifunga TCU na Cincinnati, timu nzuri mwaka ule, wakati wapinzani wa Texas nje ya konferensi walikuwa akina Rice na Florida Atlantic. Oklahoma ikawa ya pili, Texas ya tatu. Oklahoma ikaenda, ikaichapa Missouri 62–21, ikafika fainali ya taifa na kufungwa na Florida 24–14.

Konferensi jirani, SEC, ilikuwa na kanuni tofauti kidogo kwa hali kama hiyo: BCS itumike kumwondoa mmoja, kisha wawili waliobaki, wakiwa wamekaribiana kwenye orodha, waamuliwe na mechi yao wenyewe. Kwa kanuni hiyo Tech ingetoka kwanza, ikabaki Oklahoma na Texas, na mechi yao ilikuwa ile ya Dallas, 45–35.